Kadi ya Mama Juliana, Mbele na Nyuma

Itangazwe kwa wakazi wote wa Masumbwe na vitongoji vyake, walio juu ya ardhi na walio chini yake kwa shughuli za uchimbaji, wenye leseni na wanaochimba kwa neema ya Mungu, kwamba Bi Limi Bujiku, maarufu kama Mama Juliana, fundi mwenye karakana nyuma ya mnada wa ng'ombe, baada ya kutafakari kwa kina na kushauriana na nafsi yake peke yake, ameamua kuchapisha kadi za biashara pamoja na karatasi za barua zenye jina lake juu. Wananchi mnaombwa kuwa watulivu.

Utulivu haukupatikana. Lakini nani angejua? Kadi ni kitu cha kujaa kiganja, na hakuna aliyewahi kuona kitu cha kujaa kiganja kikisimamisha mgodi.

Mama Juliana alikuwa na kazi mbili, na zote alizirithi kwa baba yake pamoja na randa, misumeno na maumivu ya mgongo. Ya kwanza ilikuwa matimba: magogo ya mkaratusi yanayokatwa, yanayochongwa vichwa na kupangwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili kuta zisije zikakutana na kusalimiana wakati watu wako katikati. Ya pili ilikuwa majeneza. Mtu mwenye ulimi mchafu angesema kwamba ya kwanza ikiharibika, ya pili inapata soko, na Masumbwe haijawahi kupungukiwa na watu wa ulimi huo. Yeye hakuona kichekesho. Mbao ni mbao. Tofauti ni nani anazigusa kwa mgongo.

Tatizo lake lilikuwa mwiko. Machimboni mwanamke hasogei kwenye mdomo wa duara. Akisogea, wanasema, dhahabu inakimbia. Na dhahabu hiyo, iliyokaa mahali pamoja tangu dunia ilipoumbwa, eti inasubiri sketi tu ipate miguu. Mama lishe wanapika nyuma ya kamba iliyofungwa kwenye vijiti. Wali wa mwanamke unaruhusiwa kushuka shimoni ndani ya tumbo la mwanaume. Mwanamke mwenyewe, hapana.

Kwa hiyo matimba ya Mama Juliana yalifika kwenye duara kwa mkono wa Herman, dalali mwenye kofia ngumu ya njano ambayo haikuwahi kugongwa na kitu chochote zaidi ya jua. Herman alikuja, akapakia, akaondoka, na huko mbele ya kamba hakumtaja mtu. Mpaka siku moja msibani, Mama Juliana akiwa amekaa na wanawake wenzake akimenya viazi, akawasikia wachimbaji wawili wakisifu: "Matimba ya Herman hayana mpinzani, bwana. Unashuka kama unaingia chumbani kwako." Akaendelea kumenya. Kiazi alichokuwa nacho mkononi kilipoingia sufuriani kilikuwa na ukubwa wa gololi.

Kesho yake alikuwa Kahama.

Duka la vifaa vya ofisi alilolichagua lilianzishwa na babu yake Tahera kwa kuuza madaftari, na sasa Tahera mwenyewe, mtandio begani na miwani puani, ndiye aliyeliendesha, huku nyuma yake mashine ikitema vipeperushi vya mkutano wa injili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kadi. Na karatasi za barua."

"Karibu sana. Kadi za harusi?"

"Za biashara."

"Biashara gani, mama?"

Mama Juliana akamwambia. Tahera akapoteza nusu ya tabasamu. Nusu nyingine akaibakiza kwa sababu mteja ni mteja. Akamletea sampuli. Mama Juliana akazipima unene kwa ukucha wa dole gumba, akazinusa.

"Hii imetokana na mti gani?"

"Sijui, mama. Mimi naipokea kutoka kwenye kontena."

Akachagua iliyo nzito. Kwenye herufi, Tahera alimwonyesha za kulala, za kusimama na zenye mikia kama ya mjusi, naye akasema za kusimama, matimba hayalali. Ugomvi ulianza kwenye idadi ya kadi.

"Ningekushauri uwe na mbili tofauti," Tahera alisema kwa upole. "Moja ya matimba. Nyingine ya… ile nyingine."

"Kwani mimi ni wawili?"

"Hapana, mama."

"Basi kadi moja. Mbele matimba, nyuma majeneza."

"Sasa mtu anashuka shimoni, unampa kadi yenye jeneza?"

"Asiyeshuka nimpe ya nini?"

Tahera akainama kwenye kompyuta kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Likabaki swali la plastiki ya kung'aa, ambayo yeye aliiita laminesheni. Alisema inapendeza zaidi ikiwekwa pande zote mbili.

"Upande wa matimba usiweke," Mama Juliana alisema. "Hapo mtu anatakiwa aandike vipimo kwa kalamu, urefu wa duara, upana. Plastiki haishiki wino."

"Na upande wa jeneza?"

"Weka. Vipimo vya huko naendaga kuchukua mwenyewe."

Tahera akacheka, kisha akajisikia vibaya kwa kucheka, akajishika kifua na kusoma kitu kimoyomoyo.

Karatasi za barua hazikuwa na maneno mengi: jina lake juu kwa herufi nene, chini ya jina *Fundi Seremala, Masumbwe*, na pembeni picha ya randa. Kadi ndizo zilizotoka kwenye mashine zikiwa na kitu ndani yake. Upande wa matimba ulikuwa mkavu na mnyamavu, kama tangazo lolote. Upande wa pili, jeneza la mninga lililopigwa vanishi lilikuwa liking'aa chini ya plastiki kwa namna ambayo ukiisogeza kadi karibu na macho, ukageukia dirishani, uliuona uso wako mwenyewe umelala juu ya kifuniko.

Tahera aliona, akazifunga.

Barua ya kwanza kuandikwa kwenye karatasi hizo ilikwenda kwa Adam, mwenye duara kubwa upande wa vichakani, kumwomba anunue matimba kwake moja kwa moja bila dalali. Na kwa kuwa Mama Juliana hakuwahi kuandikiana na ofisi, aliambatisha na bunda la karatasi hizohizo zikiwa tupu. Aliamini jina lililo juu ni jina la shauri, kama jina la mtu kwenye faili, hivyo mwenye kujibu naye anapaswa kujibu juu ya karatasi ileile. Karani wa Adam akashukuru sana. Ofisi ilikuwa imeishiwa karatasi tangu masika.

Kadi nazo zilipata njia. Mama Juliana alizichomeka moja moja ndani ya kila fungu la matimba, katikati ya magogo, pale Herman asipopekua. Fungu likifunguliwa mbele ya duara, kadi inadondoka. Mwanamke hakuvuka kamba. Jina lake lilivuka.

Siku chache, kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha Sikujua akaishiwa ugoro.

Sikujua alikuwa mchimbaji mrefu mwembamba, mwenye mzaha usiokatika, na kwenye duara la Adam kulikuwa na desturi kwamba anayeshuka hutupa kitu kidogo mdomoni mwa shimo kuomba njia: punje za mchele, chumvi, ugoro. Asubuhi hiyo hakuwa na kitu, akachomoa kadi mfukoni. "Pokea, bibi, hii nayo ni chakula," akaliambia shimo, akairusha. Upepo wa moto unaopanda kutoka chini ukaikataa. Ikarudi ikipepea polepole, ikatua kwenye ubao mbele ya buti zake. Jeneza juu.

Wenzake wakacheka. "Imekujibu hiyo!"

Akairusha tena. Jeneza juu. Mwingine akasema hujui kurusha, lete. Jeneza. Wakabadilisha kadi, wakabadilisha mkono, mmoja akarusha akiwa amefumba macho na mwingine akageuka akairusha juu ya bega kama bibi harusi. Jeneza, jeneza, jeneza, likiwa limelala chali linaangalia mbingu na kung'aa. Kicheko kilikatika mtu mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa nyumba hadi nyumba. Siku hiyo hakushuka mtu.

Wala kesho yake. Kila asubuhi walikuja, wakarusha, wakaangalia, wakarudi kukaa kwenye mawe. Kadi hazikuokotwa, maana nani aokote? Zikabaki zimezunguka mdomo wa duara, zote zimelala upande mmoja, na jua likipanda zikawaka kwa pamoja kama macho ya kitu kilichojificha ardhini kikaamua kuchungulia.

Mama Juliana alijulishwa habari hizo na salamu. Usukumani salamu si kitu cha kukimbilia. Mtu anaulizwa ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, ya watoto, ya watoto wa watoto, na akimaliza anaulizwa tena kuhakikisha hajadanganya. Wiki ile salamu zilianza kufupika. Muuza nyanya, aliyezoea kumwamkia "Mwangaluka, mayu", za asubuhi mama, na kumng'ang'ania nusu saa, akasema "Mwangaluka" na kuinamia nyanya zake kama zimemwita. Siku iliyofuata alitikisa kichwa tu. Iliyofuata, alimwekea nyanya juu ya meza, akarudisha mkono haraka, ili vidole vyao visigusane.

Na watu wakaanza kuyatazama macho yake. Macho ya Mama Juliana yalikuwa mekundu, na yamekuwa mekundu tangu ujana, kwa unga wa mbao na vanishi. Mjini ukiwa na macho mekundu unauliziwa daktari. Katika nchi ile, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu hauliziwi chochote. Wanamwangalia, kisha wanaangaliana.

Halafu kadi zikaanza kurudi. Ya kwanza aliikuta kizingitini alipofungua mlango kwenda kufagia, jeneza juu. Alidhani imeanguka kutoka kwenye mfuko wake. Kesho yake zilikuwa mbili, zimewekwa sambamba, kwa utaratibu, kama viatu vya wageni wawili walioingia ndani. Aligeuka akatazama chumba chake. Hakukuwa na mtu. Alijua hakukuwa na mtu, lakini alikwenda kuangalia nyuma ya pazia.

Juliana alipiga simu kutoka Nkome, kando ya ziwa, ambako alikuwa ameolewa na kufanya biashara ya dagaa.

"Mama, njoo huku. Habari zimefika mpaka mwaloni."

"Habari gani?"

"Wanasema unawaita watu kwa majina. Eti unawapa kadi, anayepokea anaitwa."

"Ningekuwa naita watu, Herman angekuwa wa kwanza."

"Mama, usitanie! Hivi huogopi?"

"Nikikimbia, nitakuwa nimekubali. Anika dagaa wako, mwanangu, mvua inakuja."

Alikata simu, akakaa. Ilikuwa adhuhuri, ile saa ambayo hata mbuzi wamenyamaza na kivuli cha mtu kimeingia chini ya miguu yake. Karakanani kulikuwa na jeneza moja lisilo na mteja, limesimama ukutani. Mama Juliana alichukua kadi kwenye boksi. Alijisikia mjinga. Akairusha.

Jeneza.

Akatazama mlangoni, akairusha tena, safari hii akiizungusha hewani kama chapati. Jeneza. Alirusha mpaka akasahau kwamba anarusha, na kila ilipotua aliuona uso mdogo wa mwanamke umelala juu ya kifuniko ukimwangalia kutoka sakafuni, na kila mara uso huo ulikuwa wake. Alikuwa akitengeneza majeneza tangu akiwa msichana. Alishalala ndani ya mengine kupima urefu. Hakuna hata moja lililowahi kumtia baridi mgongoni, na sasa alitetemeshwa na picha isiyofikia hata urefu wa kidole cha maiti.

Alirudi Kahama na boksi zima.

"Shikamoo, ma—" Tahera alianza, akaziona kadi, akaacha. "Kuna nini?"

"Rusha."

Tahera akarusha juu ya kaunta. Akaitazama. Akarusha tena. Rangi ikamtoka, akaanza kusoma tena kile alichokuwa anakisoma kimoyomoyo, safari hii kwa sauti. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake hata akiwa na hofu, akainama mpaka shavu likagusa kaunta na kuitazama kadi kwa ubavu.

"Subiri, mama. Angalia. Imejikunja."

Kweli. Kadi ilikuwa imejipinda kidogo sana, kama kijiko kinachoanza kuwa kijiko. Plastiki iko upande mmoja, Tahera alieleza huku sauti ikimrudia, upande wa pili ni karatasi tupu, nayo inakunywa unyevu, inavimba, plastiki haivimbi. Basi kadi inajikunja kuelekea kwenye plastiki. Na kitu chenye umbo la kijiko kikianguka, tumbo linatangulia chini, mdomo unatazama juu. Kwenye mdomo huo ndipo lilipo jeneza.

"Si shetani, mama. Ni laminesheni!" Akacheka mpaka akavua miwani.

Mama Juliana hakucheka. "Rekebisha."

Akazichapa upya, plastiki pande zote mbili, zikatoka zimenyooka kama rula. Wakazirusha pamoja juu ya kaunta, matimba, jeneza, jeneza, matimba, kama kitu chochote cha kawaida duniani. Wateja waliokuwa wamesimama mlangoni wakisubiri fotokopi walidhani ni mchezo wa kamari, mmoja akauliza kiingilio.

Aliporudi nyumbani alikuta barua imechomekwa mlangoni. Akaivuta, akaisoma kuanzia juu. Barua ilitoka kwake. *LIMI BUJIKU, Fundi Seremala, Masumbwe*, na randa pembeni. Na chini yake, kwa mwandiko asioujua: *Unaitwa mbele ya sungusungu kujibu kwa nini usitengwe.*

Karani wa Adam ndiye aliyekuwa pia katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na karatasi, kama ilivyokwisha kusemwa, zilikuwa haba. Lakini Mama Juliana alisimama pale mlangoni muda mrefu, mwito wa jina lake mkononi, ukiwa umetoka kwa jina lake.

Kutengwa si jela. Jela kuna watu. Aliyetengwa na kijiji haulizwi hali, hapewi moto, hauziwi chumvi. Mbuzi wake akipotea hakuna aliyemwona. Na akifa hakuna atakayechimba wala kubeba. Na hilo ndilo bora kati ya mawili, kwa sababu mtu ambaye hakuna anayemsalimia mchana, hakuna pia atakayeulizia kilichompata usiku.

Kikao kilikaa karibu na duara. Wanaume walikuja na fimbo zao. Mtemi wa sungusungu, Mzee Lushinge, alikaa kwenye kigoda, koti zito mabegani licha ya joto lote lile. Adam alikuwepo, amevimba kama mtu ambaye dhahabu yake iko chini na wafanyakazi wake wako juu. Herman alikuwepo na kofia.

Mama Juliana akaeleza. Akaeleza plastiki, akaeleza unyevu, akaeleza kijiko. Walimsikiliza kwa makini, na alipomaliza, mtu mmoja nyuma akasema, "Mchawi naye siku hizi amesoma."

"Mzee wangu," Adam akaingilia, akimgeukia mtemi, "mimi sina shida na mama. Arushe hizo kadi mpya hapa mbele yetu, tuone zinaangukaje, watu wangu washuke, maisha yaendelee."

"Arushe hapa?" Sikujua akasema. "Hapa si shimoni. Zilikataa pale. Akarushe pale."

Pale palikuwa ng'ambo ya kamba.

"Mwanamke?" akauliza Herman. "Na dhahabu?"

Adam, ambaye miaka yote aliapa kwamba hata kivuli cha kanga kinaharibu mwamba, akafikiria hasara yake kwa kitambo kifupi. "Mwiko una dharura," akasema. "Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kamba inafunguka, inafungwa."

Mzee Lushinge akainua kidole. Kamba ikashushwa.

Mama Juliana akavuka. Miaka yote alikuwa akilichongea magogo shimo hili, akijua upana wake na urefu wake kwa kuambiwa tu, kama mtu anayemshonea nguo mtu asiyemjua uso. Sasa akasimama mdomoni pake. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, yenye harufu ya udongo mbichi na ya kitu kama pumzi ya mtu aliyelala siku nyingi bila kula. Ilimgusa usoni, ikaacha, ikamgusa tena. Shimo lilikuwa linapumua. Kuzunguka miguu yake kadi za zamani zilimwangalia zote.

Akachukua kadi mpya, iliyonyooka. Akairusha.

Jeneza.

Mtu akaguna. Mama Juliana akajiambia ni kawaida, Kahama nako ilikuwa hivi, mara hili mara lile. Akarusha ya pili. Ilipanda juu na ile hewa ya moto, ikaning'inia mbele ya uso wake kwa muda ambao hakuna kadi inapaswa kuning'inia, ikashuka. Jeneza. Akaiokota, akaipinda kwa vidole kuihakiki. Ilikuwa imenyooka kabisa.

Ya tatu haikutua. Hewa iliacha kupanda. Iliacha ghafla, kama mtu aliyeshikwa pumzi, na kadi ikaingia shimoni moja kwa moja, ikimeta mara moja, mbele, nyuma, na giza likaifunga. Wakasubiri sauti.

Sauti ilikuja, lakini si ya kadi. Kutoka chini kabisa kulipanda mlio mrefu, mwembamba, kama wa mwanamke anayeanza kulia msibani kabla wengine hawajamfuata. Kisha wa pili ukaufuata. Kisha mingi.

"Matimba yanalia," Sikujua akasema. "Rudini! Matimba yanalia!"

Waliomshika Mama Juliana mkono na kumvuta ni wanaume walewale ambao wiki nzima hawakutaka kugusa nyanya alizozigusa. Ardhi ikashuka. Haikulipuka wala kunguruma kama watu wanavyosimulia sasa; ilikaa tu chini, kama mzee anayekaa kwenye kiti baada ya safari, ikaenda na ubao, na vijiti, na kamba ya mwiko, na kadi zote. Vumbi likapanda. Lilipotulia, palikuwa na shimo pana lisilo na umbo, na upande mmoja wake magogo machache ya mkaratusi bado yamesimama wima, yamepangwa vizuri, yakiwa yameshikilia ukuta ambao haupo.

Hakuna aliyekuwa chini. Hilo lilimfikia kila mmoja kwa wakati wake. Ulimwona mtu anageuka, anahesabu wenzake kwa macho, anafika mwisho, anakaa chini.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Herman. "Matimba yale," alisema, akionyesha kwa kidole, "mnisikie wote, yalikuwa ya Mama Juliana! Mimi nilikuwa mbebaji tu! Mimi ni nani?"

Ndivyo jina la Limi Bujiku lilivyotangazwa rasmi machimboni.

Adam naye alikuwa amekwisha kumsogelea, amevua kofia. "Mayu," akasema kwa sauti ya kanisani, "nina maduara mengine mawili. Nakujengea kibanda hapohapo. Wewe kazi yako iwe kuja asubuhi, kurusha tu. Kuku wa ramli hatutachinja tena, wewe unatutosha."

Nyuma yake mtu akasema huyo ni mfumu, mganga wa kweli, alitumwa. Mwingine akasema mfumu gani, kalivuta shimo mwenyewe, mliona lilivyoacha kupumua akiwa amesimama. Fimbo zikaanza kugongana. Wale walio upande wa kuokolewa wakasogea huku, wale walio upande wa kuogopa wakasogea kule, na katikati akabaki mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye kope, macho mekundu kuliko siku zote, na kadi moja iliyosalia mkononi. Alijua kwamba neno atakalolisema ndilo atakaloishi nalo, na kwamba mengine hayaishiki.

Mzee Lushinge akainuka kwenye kigoda. Alichukua muda wake. Akakohoa, akarekebisha koti, akaegemea fimbo, na watu wote wakanyamaza mpaka mchanga ukasikika ukidondoka shimoni.

"Limi binti Bujiku," akasema. "Mbele ya watu hawa walio hai, na mbele ya wale waliotutangulia ambao leo wamefungua mdomo tukasikia sauti zao, mbele ya ardhi hii iliyotaka kula ikakosa, nakuuliza mara moja, na ujibu mara moja, ili kijiji kijue kikuweke wapi. Wewe ni nani? Mchawi, mfumu, au ni kitu gani hasa?"

Mama Juliana akampa kadi.

"Seremala," akasema. "Imeandikwa hapo."